Ngwe Sitini na Nne za Mto Mwadzaya

Jumatatu, 6 Aprili 1998. Mvua: sifuri.

Mimi Matano wa Ndaro nina miaka sabini na nne kwa hesabu ya marehemu mama, sabini na moja kwa hesabu ya kitambulisho, na mama ndiye aliyekuwapo siku hiyo. Nzige walikuja wakaenda, mimi nipo. Mzungu wa upimaji niliyemshikia mnyororo wa kupimia ardhi kutoka Gazi mpaka Shimoni alirudi kwao akafa, mimi nipo. Kiwanda cha sukari kule Ramisi kilifungwa, mimi nipo. Mvua ya juzi, ile waliyoipa jina la Elinino, ilichukua daraja letu la hapa Dzitenge, nyumba mbili, na mzee mwenzangu aliyekuwa ndani ya moja. Mimi nipo.

Daftari hili nimepewa na Bi Lenah, binti wa ramani. Ni mtu wa bara lakini ana adabu, husema shikamoo kabla sijamwona. Kazi yangu ni kuangalia kipimo cha mvua kila asubuhi saa tatu na kuandika namba. Alisema, "Namba tu, mzee, inatosha." Lakini ukurasa ni mkubwa na namba ni ndogo, na mimi nilisoma ngumbaro ukubwani nikapewa cheti. Siwezi kuacha karatasi nzuri ikae bure.

Kuna mradi. Mradi unataka ramani ya bonde lote la mto Mwadzaya, itakayosema nani akae na nani ahame kabla masika haijakolea. Mimi nimeshasema mbele ya watu kwamba sihami. Nyumba yangu nimeijenga kwa mikono hii, mlango wake ni wa mbao nzito ya mbambakofi, na wanangu watatu wamezaliwa nyuma ya mlango huo.

Jumanne, 7 Aprili. Sifuri.

Alhamisi, 9 Aprili. Mvua: 3.

Nimeziona mashine. Ziko nane, ndani ya ghala la zamani la korosho, na ghala bado linanuka maganda. Zilikuwa za hoteli moja ya Diani iliyofungwa baada ya ghasia za Agosti mwaka jana, watalii walipokimbia. Fundi wake, Jacktone, alikuwa akizitunza hukohuko, na kazi ilipokufa akazifuata huku. Amezifunga kwa nyaya za buluu kama mbuzi wa kamba moja.

Nikamwuliza, "Kwa nini nane? Mradi mzima hauna mashine moja yenye nguvu?"

"Hiyo ya nguvu iko Nairobi, mzee, na haiji. Hizi kila moja ni zee kama we..."

"Kama nani?"

"Pole, baba. Kila moja ni dhaifu. Lakini tunagawa kazi. Saba zinafanya, ya nane inagawa na kukusanya."

"Ni nyapara."

"Eeh, nyapara! Umeshika."

Nimeshika nini, sijui. Alinieleza hivi, na ninaandika kama alivyosema. Picha za ndege zimepigwa, na bonde lote limegeuzwa nukta, malaki kwa malaki, na kila nukta ina kimo chake. Mashine inaiuliza kila nukta: mvua ikikuangukia, maji yako unampa nani? Nukta inajibu: nampa jirani aliye chini yangu. Na huyo naye anaulizwa. Hivyo hivyo mpaka baharini. Nukta iliyopewa maji mengi inatiwa nyekundu, iliyopewa machache inatiwa kijani.

Nikauliza, "Na katika hizo saba, ni ipi inayolijua bonde zima?"

"Hakuna. Kila moja inajua kipande chake."

Mimi nilipokuwa na mnyororo nililowa mpaka kiunoni. Sijaelewa mtu atajuaje mto bila kulowa, tena kwa vipande.

Jumapili, 12 Aprili. Mvua: 6. Wakristo wana Pasaka. Jacktone ameniletea soda.

Jumanne, 14 Aprili. Mvua: 7.

Nimekaa ghalani leo kutazama kazi. Jacktone amekata bonde vipande saba, kila kimoja kinafuata kilima chake, na kila mashine ina kipande. Sita zimemaliza tangu Jumapili. Ya saba, yenye kipande cha mto mkubwa, bado inaguna. Zile sita zimekaa zinaisubiri. Hata taa zao hazipepesi.

Saa saba jenereta likazimika na kazi ya siku tano ikapotea yote. Jacktone akakaa chini kwenye gunia. Ni mara ya tatu.

Alhamisi, 16 Aprili. Mvua: 11.

Leo nimewafundisha kazi wenye kazi. Nilimwambia Jacktone, mwanangu, wewe hujui mweria. Akauliza mweria ni nini. Nikamwambia: ukiwa na shamba kubwa unawaita majirani, mnalima pamoja, kesho mnakwenda kwa mwingine. Sasa mwenye shamba akiligawa vipande vikubwa, kila mtu kipande kimoja, mwepesi anamaliza saa nne anakaa kivulini anatia watu maneno, na mzito analima mpaka adhuhuri huku akinuna. Kwa hiyo hatugawi hivyo. Tunakata ngwe ndogo ndogo. Ukimaliza ngwe yako unachukua nyingine. Mwepesi atalima sita, mzito atalima mbili, na shamba litakwisha kwa wote wakati mmoja.

Akanitazama. "Mzee, hiyo umeitoa wapi?"

"Katika jembe."

Akacheka sana, kisha akaacha kucheka, akachukua rula na ramani. Bi Lenah yuko Matuga kwa mikutano, hayupo kuulizwa. Jacktone akakata bonde ngwe sitini na nne, miraba mitupu, nane kwa nane, bila kutazama mto wala kilima. Nikamwambia, hapo sasa umekuwa mtu.

Jumatatu, 20 Aprili. Mvua: 14. Jenereta bovu. Wamelipeleka Ukunda.

Ijumaa, 24 Aprili. Mvua: 19.

Kazi ya siku tano imekwisha kwa siku moja na nusu! Mashine zote zilikuwa zikipepesa, hakuna iliyokaa. Jacktone amenishika mkono mbele ya watu akasema, "Huyu mzee ndiye injinia." Nimemwambia mke wangu Biasha. Akasema, "Injinia, kata kuni."

Jumatatu, 27 Aprili. Mvua: 16.

Baraza. Ramani imebandikwa ukutani ghalani, kubwa kama mlango. Bi Lenah amerudi, akaipitia kwa haraka kwa kuwa naibu chifu alikuwa amekwisha kukaa. Nyumba kumi na tisa ni nyekundu, na wenyewe wametakiwa kuhama. Nyumba ya jirani yangu Randu ni nyekundu. Yangu ni kijani. Baina yetu ni hatua sitini.

Randu ni mtani wangu, mimi Mdigo yeye Mduruma wa kutoka Kinango, amekaa hapa miaka ishirini na mbuzi wake. Nilimwambia mbele ya baraza, "Mtani, pole. Kwenu mvua mliiona kwenye picha, ulipojenga ungeuliza wenyeji."

Watu wakacheka. Randu akaisogelea ramani, akaweka kidole chake kinene.

"Hebu nieleze, Mdigo. Maji yakitoka kwangu yanakuja kwako, ndivyo mto unavyokwenda. Yakifika kwako yatafanya nini? Yatapiga hodi yaambiwe wenyewe hawapo?"

Wakacheka zaidi. Nikamjibu kwamba mashine nane zimefikiri, na yeye ni mmoja. Neno hilo lilipendwa sana. Watu kumi wa upande wangu wa kijani wamenishika mkono.

Nikiwa nakwenda nyumbani nilijiuliza, kweli yatafanya nini? Nikajijibu kwamba mashine inajua.

Alhamisi, 30 Aprili. Mvua: 28. Randu anabomoa zizi. Ana shamba la mahindi kule juu kilimani, anajenga kibanda hapo. Sikwenda kumsaidia. Kiuno.

Jumamosi, 2 Mei. Mvua: 22.

Jumatatu, 4 Mei. Mvua: 37.

Mto una rangi ya chai ya maziwa. Biasha ameanza kufunga vyombo kwenye kanga bila kuniuliza. Nikamwambia ramani inasema kijani.

"Ramani imepata kuchota maji mtoni?"

"Unabishana na mashine nane?"

"Nabishana na wewe, Baba Mwanatumu. Mashine sijaolewa nazo."

Nikafungua kanga nikavirudisha vyombo rafuni. Akavitazama tu. Mwanamke huyu akinyamaza mimi sijui nishike wapi.

Jumatano, 6 Mei. Mvua: 33. Sidi, mjane wa nyumba ya tatu chini yangu, anayelea wajukuu pacha, amenisimamisha njiani. "Shikamoo, Babu Matano. Mimi nimesema, ukikaa wewe nami nakaa." Nikamwambia vizuri. Nilifurahi. Yeye ni kijani pia.

Jumamosi, 9 Mei. Mvua: 40.

Leo nina mengi, na mkono umechoka kwa jembe.

Mvua ilipumzika asubuhi, na Randu akaita mweria kupalilia mahindi yake kule juu. Alimtuma mkewe Jumwa aniite. Nikaenda, maana kutokwenda kwenye mweria wa mtani ni aibu kuliko kuhama. Jacktone naye alikuja na suruali yake ya ofisini. Alisema anataka kuuona huo mweria anaousikia.

Randu akapima ngwe kwa ugwe wa katani, akamwonyesha kila mtu yake. Jacktone alilima kwa nguvu kama anaua nyoka. Alimaliza ngwe yake, akasimama sawasawa kwenye mstari, akachukua nyingine upande wa pili, na huko pia akasimama sawasawa kwenye mstari. Aliona anafanya usafi.

Jumwa akapita akapiga kelele, "Jamani, njooni muone! Fundi ameacha ndevu!"

Wanawake wote wakaja. Kweli, baina ya ngwe zake na za wengine palikuwa na nyasi zimesimama, upana wa jembe moja, ndefu kutoka juu mpaka chini. Maana yeye alifika kwenye mstari akaacha, na jirani yake akidhani kwamba fundi atavuka naye akaacha.

"Mnyoeni!" wakasema. "Fundi, kwenu hamvuki?"

"Si mlisema hii ndio yangu? Ile ingine ni ya mama Kadzo!" Jacktone akasema, jasho linamtoka. "Sasa niingie kwa mtu?"

"Ingia!" Kadzo mwenye ngwe ile akamwambia. "Lazima uingie, jembe moja ndani ya ngwe ya mwenzako, na yeye aingie kwako. Vinginevyo mpaka unalimwa na nani?"

Mimi nilicheka kuliko wote. Nilimwambia, mwanangu, hilo hata mtoto analijua, hakuna anayefundishwa. Halafu kicheko kikaniishia mdomoni na sikujua kwa nini. Nilisimama nimeegemea jembe. Randu akasema, "Injinia amechoka." Nikasema sijachoka.

Nimerudi nyumbani. Kuna kitu kinanisumbua na siwezi kukitaja.

Jumapili, 10 Mei. Mvua: 41.

Nimekwenda ghalani wakati Jacktone yuko kanisani. Mlango hufungwa kwa kamba tu. Nilichukua ugwe nikaunyoosha juu ya ramani, juu ya mahali rangi nyekundu inapoishia, baina ya kwa Randu na kwangu.

Mstari umenyooka. Umenyooka kama ukingo wa meza. Nimetembea na mnyororo nchi hii yote na sijaona maji yaliyoishia kwenye mstari ulionyooka.

Nikapeleka ugwe mbele. Kule chini, baada ya nyumba yangu na ya Sidi na zile nyingine, nyekundu inaanza tena kidogo kidogo, nyembamba, kama mto umezaliwa hapo upya.

Sijaelewa mashine. Lakini nimeelewa ndevu. Kila ngwe imelimwa mpaka mstarini na hakuna iliyovuka. Maji yanayotoka kwa Randu yanafika mwisho wa ngwe, na ngwe ya pili haikuambiwa kwamba kuna maji yanakuja. Inajua mvua iliyoangukia kwake tu.

Na ngwe ni wazo langu.

Nikafunga mlango kwa kamba nikaenda zangu.

Jumatatu, 11 Mei. Mvua: 29.

Sikusema. Nimejiambia labda nimekosea, mimi ni mtu wa ngumbaro, wale wamesoma. Nimejiambia nikisema, nyumba yangu itakuwa nyekundu, na itakuwa nyekundu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimejiambia Randu atacheka mpaka afe. Nimekaa kizingitini nimeushika mlango wangu wa mbambakofi siku nzima. Biasha aliuliza kama naumwa.

Jumanne, 12 Mei. Mvua: 46.

Sikusema. Mto umefika kwenye mkanju wa pili katika mikorosho yetu.

Jumatano, 13 Mei. Mvua: 52.

Asubuhi nikisoma kipimo Sidi alipita, pacha mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Akasema, "Babu, maji yanapanda. Bado tunakaa?" Hakuuliza ramani. Aliniuliza mimi.

Nikaenda ghalani bila kunywa chai.

Jacktone alikuwa anafuta unyevu kwenye mashine kwa fulana yake. Nikamwambia, "Umeacha ndevu."

"Mzee, hiyo ya Jumamosi imeisha, msinichekelee tena..."

"Kwenye ramani."

Nikamwonyesha kwa ugwe. Sikumweleza sana. Aliutazama mstari, akatazama mwingine, akaenda kwenye mashine akagonga gonga vidole, akarudi. Akajifunika uso kwa ile fulana.

"Kipande hakipati maji ya jirani," akasema ndani ya fulana. "Nilipokata kwa vilima, maji hayakuwa yanavuka, kila kilima na maji yake. Nikakata miraba, nikasahau maji yanavuka. Mzee, tumeua watu."

"Hajafa mtu. Washa jenereta."

Akaniuliza jambo moja. "Lakini wewe unajua hii kitu ya kuvuka. Mbona hukuniambia ile Aprili?"

Nilifikiri sana. Nikamwambia kweli, kwamba katika maisha yangu sijapata kusikia mtu akilisema. Linafanywa tu. Siku zote nilidhani ngwe na kuvuka ni kitu kimoja.

Hakuuliza nimelijua lini. Na mimi sikusema.

Ijumaa, 15 Mei. Mvua: 38.

Mashine zimefanya kazi upya tangu jana. Jacktone amezifundisha kuvuka. Kila ngwe sasa inabeba nukta za ukingoni za majirani zake, na ikimaliza inawaambia: nina maji haya, yanakuja kwako. Jirani anahesabu upya, naye anamwambia wa chini yake. Wanaambiana hivyo kwa zamu mpaka hakuna mwenye maji ya kumpa mwenzake. Si haraka kama mwanzo, maana kuambiana kunachukua muda. Jacktone anasema sehemu kubwa ya kazi sasa ni maneno. Nikamwambia hata mweria ni hivyo.

Saa tisa ramani ilitoka. Nyekundu imeteremka kutoka kwa Randu bila kupunguza mwendo, imepita nyumba yangu, ya Sidi, na nyingine tisa. Nyumba kumi na moja.

Bi Lenah alikuwa amekwisha fika kutoka Matuga. Alikuwa amekaza midomo, na Jacktone hakuweza kumtazama. Akanigeukia.

"Mzee Matano, nyumba yako..."

"Naiona. Nina macho."

Jumamosi, 16 Mei. Mvua: 44.

Baraza lilikuwa baya. Bi Lenah alisimama akaeleza kosa na akaomba radhi, maneno mazuri, lakini nani alisikia? Iddi mwenye duka aliinuka.

"Juzi kijani, leo nyekundu. Jumatatu itakuwa zambarau? Tuhame na mvua hii, na watoto, kwa ajili ya mashine za kuandikia wageni wa hoteli?"

"Sikiliza, baba..." Bi Lenah akasema.

"Wewe binti unalala Matuga penye bati. Mimi nitamsikiliza Mzee Matano. Mzee Matano alisema mashine nane zimefikiri. Yeye anahama?"

Wote kumi wa upande wangu waligeuka. Sidi aligeuka. Neno langu zuri la baraza lile lilikuwa limesimama pale katikati, na mimi ndiye niliyelizaa.

Nikasema nahama leo.

Iddi akasema, "Kusema umesema. Tutaona."

Nikaondoka mbele yao wote, na wakanifuata nyuma katika mvua, wengine kwa kutoamini, wengine kwa kutaka kutazama. Nilipofika nyumbani nilichukua nondo nikaung'oa mlango wangu. Bawaba za juu zilitoka kwa shida. Biasha alitoka na kanga zake za vyombo, zimefungwa, sijui alizifunga lini tena. Nikauweka mlango kichwani, lakini mlango wa mbambakofi ni mlango, na mimi nina sabini na nne, magoti yakakataa.

Randu akatoka katikati ya watu, akashika upande wa pili.

"Inua, Mdigo."

"Usiniambie inua, niko nao juu yangu."

"Basi tembea."

Tukapanda kilima. Karibu na mkanju wa juu nikamwambia, nikiwa mbele, bila kugeuka: "Nilijua siku moja baada ya mweria wako. Nikanyamaza mpaka Jumatano."

Nilisikia miguu ya Randu kwenye matope.

"Ungenyamaza na Alhamisi," akasema, "ningekuachia mlango uanguke."

Tulipogeuka nyuma, Sidi alikuwa ametoa kitanda nje. Iddi alikuwa anapakia mifuko ya sukari kwenye mkokoteni, amenuna.

Jumapili, 17 Mei. Mvua: 57. Tumelala kwa Randu watu tisa na mbuzi. Mbuzi anakoroma.

Jumatatu, 18 Mei. Mvua: 61. Nyumba zote kumi na moja ziko tupu. Nimezipitia mwenyewe, moja moja, nikagonga.

Jumatano, 20 Mei. Mvua: kipimo kimejaa kimefurika. Sina namba.

Maji yalikuja saa mbili asubuhi. Tulikuwa tumesimama kilimani na vikombe vya uji. Hayakuja kwa kelele nilizozitarajia. Bonde lilipanda tu. Niliona makuti ya nyumba yangu yakitikisika, kisha yakaanza kwenda, yote pamoja, kama mtu aliyeitwa. Ya Sidi ikafuata. Nyumba tisa zimekwenda, mbili zimebaki kuta. Hakuna mtu aliyekufa. Naandika tena: hakuna mtu aliyekufa, hata mtoto, hata mbuzi.

Biasha akanipa kikombe chake cha uji, na changu nilikuwa sijakimaliza.

Ijumaa, 22 Mei. Mvua: 9.

Sasa nina jambo ambalo sijalielewa, na nimeuliza kila mtu. Maji yameshuka. Nyumba ya zamani ya Randu, iliyokuwa nyekundu ya kwanza kabisa, nyekundu katika ramani zote mbili, imesimama. Kuna tope la kufika magotini sakafuni, basi. Maji yalifika hapo yakapinda upande wa pili, yakamkwepa.

Jacktone anasema baina ya nukta na nukta kuna hatua arobaini, na nyumba ya Randu iko juu ya kiinuko kidogo ambacho hakuna nukta iliyokanyaga. Bi Lenah anasema ramani husema hatari inaelekea wapi, haisemi kila mlango. Nimewasikia. Sijaelewa. Mashine zilikosea nikakaa, zikapatia nikahama, na aliyehama kwa ramani mbovu ndiye mwenye nyumba.

Randu anasema, "Mashine zako hazinijui." Kisha akasema atafagia tope, na mlango wake umeoza, na anajua mtu mwenye mlango usio na nyumba.

Jumatatu, 25 Mei. Mvua: 2.

Tumeufunga mlango. Umezidi upana kidogo, ikabidi tuchonge fremu. Tunakaa nyumba moja mpaka nijenge kilimani, na nitajenga, mimi nipo. Biasha na Jumwa wamegawana jiko. Jumwa anatia viungo vichache mno, nimemwambia.

Daftari limebaki kurasa mbili na Bi Lenah analihitaji. Anayesoma asidhani nimetia chumvi. Namba za mvua Bi Lenah anazo, azitazame. Kwamba ngwe ndogo ni wazo langu, na kwamba kuvuka sikukusema, Jacktone anajua yote mawili, na anazipanga mashine za hoteli kupelekwa bonde jingine sasa hivi. Kwamba nilihama wa kwanza, Sidi aliona na pacha wakiwa mgongoni na mkononi, na Iddi aliona ingawa alinuna.

Na siku zile tatu, tangu Jumapili ya ugwe mpaka Jumatano, nilipojua na nikanyamaza huku mto unapanda, anayezijua ni Randu peke yake. Mwulizeni. Anakaa nyuma ya mlango wangu.